Matanga ya Kanjia

Kwenye avenyu yetu, komini ya Tshopo, hakuna mtu aliyepita bila kusalimia. Una haraka? Haraka yako. Umefunga tai, unakwenda ofisini Makiso? Hongera. Mama Shefu angekuita kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kwa sauti ya kufika transversale ya pili, ile barabara ya kukatiza: "Weye! Unapita tu sawa ngombe? Ngombe yenyewe inaliaka kidogo!" Na ungerudi. Nimemwona mchungaji wa kanisa akirudi, Biblia kwapani. Nimemwona polisi akirudi, tena ndani ya sare, akasema, "Mbote, mama," ndipo akaruhusiwa kwenda kuwa mkali mahali pengine.

Alikuwa shefu wa avenyu. Katika mji wa Kisangani huo ndio uongozi mdogo kuliko yote. Chini yake kuna mbuzi tu. Hauna ofisi wala gari. Kazi yake ni kujua nani amehamia, nani amefiwa, nani amemwaga takataka mbele ya mlango wa mwenziwe, na kuamsha watu Jumamosi asubuhi kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kufagia barabara na kuzibua mitaro. Wengine hupewa cheo hicho wakakilalia usingizi. Yeye alikishika kwa mikono miwili, na Jumamosi, ukichelewa kutoka, ulisikia ufagio unagonga dirisha lako.

Alizaliwa wapi na nani, sikuwahi kuuliza, na sidhani kama angenijibu. Tulijua tu kwamba ni mtu wa mto. Ilionekana sokoni: akienda kununua samaki hakuangalia macho ya samaki, aliangalia macho ya muuzaji. Alikuwa mfupi, mnene, na alitembea haraka huku akilalamika kwamba magoti yanamuua. Yalimuua miaka yote niliyomfahamu, na hayakuwahi kumfanya akose harusi hata moja.

Sauti yake aliitoa kiwandani. Avenyu yetu ilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo: nyumba za matofali na mabati, zote sura moja, mlango katikati, dirisha huku na dirisha huku. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine za kufuma, na kelele za mashine zile zikamla sikio la kushoto. Ukimwambia jambo asilolitaka, alikugeuzia hilo la kushoto.

Wanawake wa mashine walikuwa na mazungumzo yao. Ndani ya kelele ile hata ukipiga yowe ni bure, basi walizoea kusema kwa midomo tu, bila kutoa sauti, na kusomana kwa macho. Kiwanda kilipopunguza watu na mashine nyingi zikanyamaza, walirudi nyumbani na ujuzi wao. Mama Shefu na rafiki yake, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, waliweza kumsengenya mtu aliyeketi katikati yao, midomo inacheza, sauti hakuna, na mwenyewe anakunywa maji yake kwa amani. Sisi wasichana tulijaribu kujifunza. Mimi nilifika mpaka kwenye "tazama viatu vyake" nikaishia hapo.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na majina mapya. Maana mtaa ulibadilika jamani, ulibadilika mbele ya macho yetu. Wazee wa kiwanda waliuza nyumba, watoto wao wakakata nyingine vipande. Hii ikawa duka la dawa, ile ikawa mahali pa kuchajisha simu, nyingine ikaota ghorofa ya mbao juu ya kichwa. Ukumbi wa sinema wa zamani ukawa kanisa lenye maspika makubwa. Mama Shefu hakukubali hata moja. Ukimuuliza njia, alikwambia: "Pita ku Cinéma, ukamate mukono ya kuume mpaka ku Boulangerie." Mgeni alikwenda akitafuta sinema na duka la mikate, akapata kanisa na karakana ya pikipiki, akarudi amechanganyikiwa.

Siku moja mchungaji alikuja kulalamika kwa adabu zote. "Mama Shefu, pale iko église, haiko cinéma tena."

"Ndiyo, papa pasta. Iko église ya Cinéma."

"Lakini mama, batu banacheka."

"Bacheke. Bon, mutu akicheka anakumbuka." Mchungaji akaenda zake, na kanisa lile hadi leo linaitwa vivyo hivyo. Nasikia hata yeye mwenyewe, akimpigia simu mwendesha pikipiki, husema "nikamate ku Cinéma."

Msidhani alichukia majengo mapya. La hasha! Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Mtu akichimba msingi, Mama Shefu alibeba kiti chake, akaketi kando ya shimo tangu asubuhi, akawachambua mafundi tofali kwa tofali, na nyumba ikiezekwa yeye ndiye wa kwanza kupiga vigelegele. Alilia kinywele kikimkatika, alicheka akianguka kwenye matope. Alitukataza kuweka kitu chochote barabarani, hata kinu, hata kamba ya nguo. Na jiko lake mwenyewe, alilolijenga kwa matofali ya udongo kwa mikono yake, lilikuwa limetoka nje ya kiwanja chake kwa hatua nzima. Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Sisi tuliliona, tukanyamaza, maana ndani ya jiko lile ndimo alimotwanga lituma, zile ndizi za kusaga, na sahani ya lituma yake ilitosha kumfunga mtu mdomo.

Jiko hilo lilikuwa nyuma ya kiwanja chake, limetokeza ndani ya Kanjia. Sasa lazima niseme habari ya Kanjia, maana bila hiyo hamtamwelewa mama huyu.

Kanjia ni kichochoro. Kinaanzia avenyu yetu, kinapita katikati ya zile nyumba za kiwanda, kinateremka upande wa mto Tshopo. Chini yake kuna chemchemi tunakochota maji mabomba yakikauka, na mbele kidogo ya chemchemi kuna maternité, wanakozalia wanawake wote wa upande huu. Ukikosa Kanjia, unazunguka kwa barabara kubwa, ambako korongo linakula lami kila msimu wa mvua, na ukifika huko ulikokuwa unakwenda umesahau ulifuata nini. Kwa mwenye afya ni usumbufu. Kwa mwenye uchungu wa kuzaa ni jambo jingine.

Najua ninachosema. Kifungua mimba wangu nilimpeleka kupitia Kanjia, juu ya toleka, ile baiskeli yetu ya abiria, nimemkumbatia mwendeshaji kiunoni na kumtukana yeye na ukoo wake wote. Mama Shefu alitangulia mbele mbio na magoti yake yale mabovu, anafukuza kuku na watu: "Njia! Njia! Kuko mutu anakuya!" Tulifika, nikapanda kitanda, na kabla muuguzi hajamaliza kuvaa glavu mtoto alikuwa amekwisha kufika. Tungezunguka, ningezaa korongoni. Mwanangu huyo sasa ana ndevu, na Mama Shefu hakuacha kumwita "mutu wa Kanjia."

Akaja Papa Simenti. Hilo si jina lake, lakini hata watoto wake walishalizoea. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, muuzaji wa jumla wa saruji, misumari na mabati, Mkatoliki wa benchi la mbele, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Siwezi kumsema vibaya. Alinunua nyumba ya kulia ya Kanjia, pale inapoanzia avenyu, akanunua ya kushoto, akazibomoa zote mbili, akamwaga mchanga na kokoto. Alitaka ghorofa moja kubwa, duka chini na makazi juu. Na Kanjia ingekuwa ndani ya duka, mahali pa kupanga misumari.

Mama Shefu alikwenda kumsalimia na sahani ya lituma. Nilimsindikiza, kwa hiyo nilisikia.

"Papa, karibu ku avenyu yetu. Uko najenga muzuri sana. Donc, Kanjia itapita wapi?"

"Kanjia gani, mama? Nilinunua kuume, nikanunua kushoto. Ya katikati iko ya nani?"

"Iko ya batu."

"Batu gani?" Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeuliza kweli. "Mama, niitie hata mumoja mwenye anasema iko yake. Nitaongea naye."

Mama Shefu alitazama ile sahani mikononi mwa Papa Simenti, na nikadhani atamnyang'anya. Hakumnyang'anya. Alipofika kwake alikaa chini akasema, "Batajenga, batoto bataanza kuzaliwa mu korongo." Mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akiogopa.

Watu wakamshauri aende ofisini. Akacheka. "Ofisi iko na kiti moja, na anayekaa pale haiko miye. Tufanye matanga. Ku matanga viti yote iko yetu."

Tukadhani hajasikia vizuri. Matanga ya nani? Hakuna aliyekufa. Lakini midomo yake ilikuwa tayari inacheza kwa yule mshonaji wa ng'ambo, na mshonaji akafunika mashine yake akaondoka na panga.

Kwetu, mtu akifa, jambo la kwanza ni kukata matawi ya mchikichi na kuyasimika mahali pa msiba. Ukiona matawi hayo, umejua. Mwendesha toleka anashuka na kusukuma baiskeli kwa miguu. Pikipiki inazimwa. Redio inanyamaza. Hata mtu unayemdai anapita mbele yako salama siku hiyo. Kisha yanakuja maturubai, viti, sufuria kubwa la kahawa, na kila mwenye utu analeta chochote, sukari, kuni, mkate. Na anakaa. Huwezi kuleta sukari kwenye matanga halafu ukaondoka umesimama. Ukishakaa na ukanywa kahawa, msiba ni wako pia.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya salongo, tuliamka tukakuta matawi yamesimikwa pande zote mbili za Kanjia. Turubai limefungwa kutoka rundo la mchanga hadi rundo la kokoto. Katikati, juu ya ardhi ile iliyokanyagwa mpaka ikang'aa, Mama Shefu alitandika mkeka mpya, na juu ya mkeka akalaza kitenge chake bora, cha enzi za kiwanda, ambacho hata Noeli hakukivaa. Chini ya kitenge hapakuwa na kitu. Tulikaa kuuzunguka mkeka, wanawake wa avenyu nzima, vichwa tumefunga.

Lori la matofali likaja likinguruma. Dereva alipoona matawi alikanyaga breki, akazima injini, akavua kofia. Msaidizi wake aliteremka akafanya ishara ya msalaba. Wakanong'onezana, dereva akatoa simu. Kuanzia hapo jambo lilijipeleka lenyewe kule tulikotaka lifike.

Na kilio kikaanza. Kwetu halii mtu hivi hivi tu. Unamlilia marehemu kwa kutaja aliyokutendea. Mama Shefu akaanza: "Kanjia, ulinipeleka ku kazi na ulinirudisha! Ulijua miguu yangu!" Mshonaji akadakia: "Kanjia, ulipitisha harusi yangu, gari haikuingia lakini weye ulinipitisha!" Muuza kwanga, ile mikate ya mihogo, mwanamke mrefu kuliko wote wa mtaa, akalilia mabeseni yote aliyoyapitisha pale tangu usichana. Mwanzoni wengine walibana cheko, mimi wa kwanza. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo niseme juu ya toleka na mtoto, kikatoka kilio. Nililia kweli, mwenzenu. Nililia mpaka kamasi, na niliokuwa nao walilia, na hapakuwa tena na mchezo.

Papa Simenti alifika amevaa shati jeusi. Dereva alikuwa amemwambia kuna msiba kwenye kiwanja, basi, mtu wa watu, alikuja na mfuko wa sukari na kahawa, kichwa chini. Aliinama mbele ya mkeka. Akamsogelea Mama Shefu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, pole sana. Nani alikufa?"

"Kaa kwanza, papa. Mutu haulizake habari ya matanga akiwa amesimama."

Akakaa. Midomo ya Mama Shefu ikacheza, na ng'ambo ya mkeka mshonaji akainuka na kikombe. Papa Simenti akapokea kahawa, akanywa. Sisi sote tulikuwa tunatazama koo lake. Alipomeza, Mama Shefu akasema:

"Ulisema nikuitie hata mumoja. Njo hawa wote mbele yako. Tuko nalia Kanjia."

Papa Simenti alitutazama mmoja mmoja. Kisha uso ukambadilika, na ile sauti ndogo ikapanda. "Mama! Miye nimeacha magazini na wateja, nimevaa nyeusi, nikasema rozari mu gari, alors ni matanga ya barabara? Munanicheza?" Akasimama. Akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kutokea, na macho yake yakaangukia lile jiko. Akalinyooshea kidole. "Na ile? Ile jiko iko ya nani? Si iko ndani ya Kanjia, mètre muzima? Weye njo wa kwanza kuiua, mama! Weye, miaka yote! Juu ya nini haukulia siku ile?"

Ee Mungu wangu. Jambo ambalo avenyu nzima ililimeza pamoja na lituma, mgeni alilitapika pale hadharani. Nilitazama chini. Nikajua tumekwisha, dereva atawasha lori, na Jumatatu kutakuwa na msingi juu ya Kanjia.

Mama Shefu hakugeuza sikio la kushoto. Alimtazama Papa Simenti, akalitazama jiko lake, kwa muda, kama mtu anayeliona leo. Kisha akainuka, akashika magoti, akaenda. Alitoa sufuria, moja moja, akazipanga chini. Akatoa kinu. Akatoa kibao cha kukalia. Halafu akashika mchi, ule mchi wa lituma, akaupiga kwenye ukuta.

Tofali la kwanza lilianguka ndani. Tulikimbilia kumsaidia, akatufukuza. "Mutu asiguse! Nililiweka peke yangu." Akapiga tena. Vumbi likamfunika kichwa, jasho likachora mistari usoni. Alilia sasa, alilia kwa sauti, lakini mchi haukusimama, na kila tofali likiporomoka Kanjia ilipanuka kidogo mbele ya macho yetu. Ilikuwa pana kuliko tulivyoijua. Kumbe hata sisi tulikuwa hatujawahi kuiona yote.

"Mama, wacha," Papa Simenti akasema. Bado alikuwa na kikombe mkononi. "Imetosha. Wacha."

"Haiyatosha. Kona bado."

Akaitoa na kona. Kisha akarudi, akakaa kwenye mkeka wake na vumbi lake lote, akasema, "Bon. Sasa Kanjia iko muzima upande yangu. Papa, kunywa kahawa, itapoa."

Papa Simenti alikaa. Alimaliza kile kikombe polepole, akaomba kingine. Mwishowe akaangalia juu, kwenye turubai, na juu ya turubai.

"Mama. Chini iko ya batu. Sawa. Na juu?"

"Juu wapi?"

"Juu ya Kanjia. Kule kuko nani anapitaka?"

Mama Shefu naye akaangalia juu. "Kule? Kunguru." Akafikiri. Nikaona tabasamu linaanza kwenye kona ya mdomo, upande wa sikio zima. "Jenga juu, papa. Chini utuachie."

Hivyo ndivyo avenyu yetu ilivyopata ghorofa yenye tundu katikati. Duka moja kulia, duka jingine kushoto, makazi juu, na chini ya makazi Kanjia inapita ndani ya tao la matofali. Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa kimo. Fundi alisimama pale, akaweka kiganja juu ya utosi wake, akasema tao lianzie hapa. Mama Shefu, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya msingi kama kawaida, alipiga makofi kwa hasira. "Unapima na kichwa yako? Kichwa yako haibebake kitu!" Akamwita muuza kwanga, yule mrefu, aje na beseni lake kichwani, limejaa mpaka juu. "Hii njo mètre yangu. Apite bila kuinama."

Siku walipoondoa mbao za kushikilia tao, muuza kwanga alipita. Alitembea taratibu, shingo wima, beseni la maji juu ya kichwa badala ya kwanga, maana Mama Shefu alitaka tone likimwagika lionekane. Alitokea upande wa pili. Halikumwagika hata tone. Jamani, vigelegele vile! Watu wa toleka walipiga kengele zao, watu wa pikipiki wakapiga honi, na Papa Simenti alikuwa kwenye roshani yake juu ya vichwa vyetu, anapiga makofi kuliko wote. Mama Shefu alimwonyesha kila mgeni nyumba ile tangu siku hiyo. "Unaona étage yetu?" Yetu! Jiko lake jipya alilijenga ndani ya kiwanja chake, dogo sana, ukikoroga sufuria kiwiko kinagonga ukuta. Lituma haikupungua utamu.

Baadaye nilimfuata mume wangu Kinshasa, miaka ikaenda. Habari za nyumbani zilinifikia kwa simu: Mama Shefu macho yanafifia, Mama Shefu ameachia mwingine cheo lakini hajaachia kiti. Mwaka jana nikapata nafasi. Nilishuka uwanja wa ndege wa Bangboka, nikakamata pikipiki, na njia nzima nilikuwa natafuta nyumba nilizozijua. Kisangani ilikuwa imesimama juu ya mabega yake mwenyewe, ghorofa hapa, vioo pale. "Nishushe ku Cinéma," nikamwambia kijana, na alijua, ingawa sinema hiyo haikumwona hata akizaliwa. Nilicheka peke yangu.

Nikakata kona ya avenyu yetu, na cheko likanikauka. Matawi ya mchikichi yalikuwa yamesimikwa kwenye mdomo wa tao.

Niliacha begi pale pale chini. Nilikimbia. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti kando ya avenyu, pengine waliniita, sikusikia. Nilipita chini ya tao mbio, huku moyoni nasema, nimechelewa, nimechelewa, ningekuja Pasaka ningemkuta. Ndani ya Kanjia kulikuwa na turubai na wanawake wengi, wengine siwajui. Katikati mkeka. Juu ya mkeka kitu kirefu kimefunikwa kitenge, kitenge kile kile cha kiwanda, kimechakaa. Nikaanguka magoti. Nikafungua mdomo kulia.

"Nani uyo anapita mbio sawa ngombe?"

Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kwenye kichwa cha mkeka. Mdogo zaidi, kichwa cheupe chote, macho yana ukungu, yanatazama pembeni kidogo yangu. Nilimkumbatia mpaka kiti kikalia. Nilimshika uso. "Mama! Mama Shefu! Kumbe uko mzima!"

"Niko muzima. Haiko miye marehemu, njo ule." Akanyoosha mguu akafunua kona ya kitenge.

Ulikuwa mlango wa chuma. Mlango mkubwa wa fito, umepakwa rangi ya kijani, bado una kufuli. Wanawake wakaniambia kwa zamu, kila mmoja anamkata mwenzake. Mpangaji mpya wa duka la kulia alikuwa ameogopa wezi, akafunga mlango ule kwenye tao, na jioni alikuwa anapiga kufuli na kwenda kwake. Juzi mwanamke mwenye uchungu alifikishwa pale na toleka, akakuta chuma. Ilibidi wazunguke. Walifika, mama na mtoto wazima, lakini kwa bahati tu. Leo asubuhi mlango ukang'olewa.

"Na nani aling'oa?" nikauliza. "Mulifanya tena kilio?"

"Hata hatukufika ku kilio," Mama Shefu akasema. "Tuliamka, matawi iko tayari, mulango iko chini." Akaelekeza kidevu juu, kwenye roshani.

Papa Simenti alikuwa pale juu, mzee sasa, amevaa shati jeusi, panga la kukatia matawi bado limeegemezwa kwenye ukuta kando yake. Aliniinulia kikombe cha kahawa. "Mama, pole kwa msiba," akaniambia, na sauti yake ndogo ikavunjika kwa kucheka.

Nilicheka na kulia pamoja, sioni aibu kusema. Nilikaa kwenye mkeka kando ya ule mlango, nikanyoosha mkono nipewe kikombe, maana msiba ule ulikuwa wangu pia. Mama Shefu akanipiga kofi kiganjani.

"Ngoja. Weye uliingia namna gani?"

"Mama, nilikimbia, nilifikiri—"

"Ulipita batu bote kule mbele, hata mbote haukusema. Kinshasa njo ilikufundisha?" Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. "Rudi kule ku mwanzo. Upite muzuri."

Nikainuka, mama mzima mwenye mtoto mwenye ndevu, nikarudi. Nilitoka chini ya tao, nikapita matawi mpaka pale kwenye kona, nikaokota begi langu nikaliweka kichwani, nikageuka. "Mbote, papa. Mbote, mama. Mbote, tantine. Jambo, batoto." Wote wakaitikia, mmoja mmoja, na mimi nikapita, shingo wima, begi kichwani, chini ya nyumba ya Papa Simenti, wala sikuinama.